Rula ya Mfukoni ya Seremala: Namna ya Kuichagua na Kuijaribu

Mafundi wawili wanashirikiana kuunda meza katika karakana moja. Mmoja, ambaye bado ni mwanagenzi, anachonga ndimi katika ncha za mbao za kuunganishia miguu. Mwenzake anatoboa matundu katika miguu hiyo. Wote wawili wameambiwa kwamba upana wa ulimi na urefu wa tundu uwe 60 mm, na kila mmoja amepima kwa makini. Wakati wa kuunganisha unapofika, ulimi unaingia pasipo kupigwa nyundo, kisha unacheza ndani ya tundu kama jino bovu. Fundi mkuu anamgeukia mwanagenzi na kumlaumu kwa uzembe. Mwanagenzi anachukua rula yake ya mbao, anapima ulimi mbele ya watu wote, nayo rula inaonyesha 60. Mwenzake anatia futi kamba katika tundu, nayo pia inaonyesha 60. Mbao nne za mninga zimekwisha haribika, na hakuna awezaye kusema ni nani aliyekosa.

Mkasa wa namna hii hutokea mara nyingi katika karakana na katika vyumba vya ufundi vya shule. Aghalabu lawama humwangukia mtu, hali kosa limo katika chombo. Rula haistahili kuaminiwa kwa sababu tu imeandikwa tarakimu. Huaminiwa baada ya kujaribiwa. Jambo la kufurahisha ni kwamba majaribio mengi muhimu hayahitaji chombo cha thamani. Yanahitaji kisu chenye makali, kipande cha kadibodi ngumu, na fikra.

KUTOKA DHIRAA HADI MITA

Kabla ya rula kuenea, watu wa pwani ya Afrika Mashariki walipima kwa viungo vya mwili. Shibiri ni nafasi iliyopo baina ya ncha ya kidole gumba na ncha ya kidole cha mwisho, mkono ukiwa umetandazwa. Shibiri mbili ni dhiraa moja, yaani toka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati. Dhiraa mbili ni wari. Na wari mbili ni pima. Vipimo hivyo havikuwa vya kijinga. Fundi aliyeunda kitu kizima kwa kutumia mkono wake mwenyewe alipata sehemu zilizolingana, maadamu mkono ulikuwa ni ule ule tangu mwanzo wa kazi hadi mwisho. Matatizo yalizuka pale mikono ya watu wawili ilipokutana katika kazi moja.

Mita ilibuniwa ili kuondoa tatizo hilo. Mwaka 1799 Ufaransa iliweka fimbo ya platinamu iwe kielelezo cha mita. Mwaka 1889 mataifa yalikubali kielelezo kipya, fimbo ya mchanganyiko wa platinamu na iridiamu. Mwaka 1960 mita ilifafanuliwa upya kwa urefu wa wimbi la nuru itolewayo na gesi ya kriptoni. Na tangu mwaka 1983 mita ni umbali ambao nuru husafiri katika ombwe kwa muda wa sehemu moja ya 299,792,458 ya sekunde. Inchi nayo, kwa makubaliano ya mwaka 1959, ni 25.4 mm kamili. Nchini Tanzania, Shirika la Viwango lililoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1975 lina maabara ya ugezi, yaani sayansi ya vipimo, ambamo vyombo hulinganishwa na vielelezo vilivyo sahihi zaidi.

Hata hivyo, rula iliyo mfukoni mwa fundi imetengana na vielelezo hivyo kwa hatua nyingi za kunakili. Katika kila hatua kosa dogo laweza kuingia, na baada ya rula kutoka kiwandani huja kuchakaa, kupinda na kuungua kwa jua. Kwa hiyo mafundi wawili wenye rula mbili zisizojaribiwa hawana tofauti kubwa na wazee wawili wenye mikono isiyolingana.

UKAKAMAVU

Rula ya mfukoni ya seremala kwa kawaida ina urefu wa 150 mm. Hutumika kupima kina cha tundu, kuweka randa na msumeno wa mashine katika kipimo chake, kuchora mistari mifupi, na kukagua kama uso wa ubao umenyooka. Kazi zote hizi zinataka rula isiyopinda ovyo.

Ukakamavu wa kipande bapa cha chuma hutegemea upana wake na unene wake, lakini si kwa kiasi sawa. Upana ukiongezwa maradufu, ukakamavu nao huongezeka maradufu. Unene ukiongezwa maradufu, ukakamavu huongezeka mara nane, kwa sababu unene huingia katika hesabu mara tatu: 2 × 2 × 2. Wanafunzi wanaweza kuliona jambo hili darasani. Zitafutwe rula mbili za chuma zenye upana wa 19 mm, moja ikiwa na unene wa 0.5 mm na nyingine 1 mm. Kila moja ibanwe ukingoni mwa meza ikichomoza kwa 100 mm, kisha mzigo wa gramu 100 utundikwe kwenye ncha yake. Kwa hesabu, ncha ya rula nyembamba itashuka kwa karibu 8 mm, na ncha ya rula nene kwa karibu 1 mm tu.

Kupinda huku hudhuru kipimo. Rula iliyopinda ni kama uta, na umbali kati ya ncha zake mbili ni mfupi kuliko urefu wa mgongo wake. Kama urefu wa rula ni L na katikati yake imeinuka kwa kimo h, upungufu huo ni karibu 8 × h × h ÷ (3 × L). Kwa rula ya 150 mm iliyoinuka kwa 3 mm, upungufu ni 0.16 mm. Ikiinuka kwa 6 mm, upungufu ni 0.64 mm. Ndiyo kusema, mpindo ukiongezeka mara mbili kosa huongezeka mara nne, na mbao iliyopimwa kwa rula hiyo hutoka fupi kuliko ilivyotakiwa.

Rula nyembamba inayopinda ina kazi yake, hasa kupima juu ya nyuso za mviringo. Lakini mtu anayenunua rula moja tu kwa ajili ya useremala achague iliyo kakamavu.

JICHO NA UNENE

Ikiwa unene una manufaa hayo, mtu aweza kuuliza kwa nini rula isifanywe nene zaidi, 3 mm au 5 mm. Jibu limo katika jicho. Alama za rula zimo juu ya uso wake, na ubao upo chini yake. Mtu asipotazama wima, alama huonekana kama imehamia pembeni. Kosa hili huitwa paralaksi, na ukubwa wake ni unene wa rula ukizidishwa kwa tanjenti ya pembe ambayo jicho limekengeuka kutoka wima. Kwa pembe ya digrii 20, rula yenye unene wa 3 mm huleta kosa la karibu 1.1 mm, na rula ya 1 mm huleta kosa la karibu 0.36 mm.

Hapa ndipo mnunuzi anapopaswa kupima faida na hasara. Kutoka 0.5 mm hadi 1 mm, ukakamavu huongezeka mara nane, lakini kosa la paralaksi huongezeka mara mbili tu. Biashara hiyo ina faida. Rula ikizidi kunenepa, ukakamavu unaoongezeka hauna kazi tena, bali kosa la jicho linaendelea kukua. Kwa hiyo unene wa karibu 1 mm ni wa kiasi kwa rula ya mfukoni. Tena lipo dawa rahisi: rula isimamishwe kwa ukingo wake, ili alama ziguse ubao zenyewe. Hapo paralaksi hutoweka karibu yote.

Alama zenyewe zinapaswa kukaguliwa. Zilizochimbwa katika chuma hudumu kuliko zilizopigwa rangi tu. Ukucha ukipitishwa juu yake husikia mikwaruzo midogo, na ncha ya kisu cha kuchorea hutulia ndani ya alama. Mstari wa alama uwe mwembamba, kwa maana mstari mnene haumwambii mtu apime toka ukingo wake upi. Uso usiong'aa ni bora kuliko unaong'aa kama kioo, kwani mng'ao wa jua huficha alama.

MWANZO WA SIFURI

Rula nyingi za plastiki za shule huacha nafasi kabla ya alama ya sifuri. Nafasi hiyo huilinda sifuri isichakae, lakini huifanya rula isifae kupimia kina cha tundu. Rula ya seremala inapaswa kuanza na sifuri penye ncha kabisa, na ncha hiyo iwe imekatwa kwa pembe mraba.

Rula za mbao ambazo sifuri yake iko nchani zina ugonjwa mwingine. Ncha hugongwa, hulowa na kulika. Ncha iliyolika kwa 1 mm hupunguza kila kipimo kinachoanzia hapo kwa 1 mm. Atakayetaka 60 atapata 59. Na akirudia kupima kwa kuanzia ncha ile ile, rula itamwambia tena kwamba ni 60. Kosa la namna hii haliondolewi kwa kurudia. Kurudia huondoa makosa ya mkono. Hakuondoi makosa ya chombo.

JOTO NA UNYEVU

Vipimo vya urefu vya viwandani hurejelewa katika halijoto ya 20 °C. Karakana nyingi za Afrika Mashariki huwa na joto zaidi ya hapo. Chuma hutanuka kwa karibu sehemu 12 katika milioni kwa kila digrii moja. Rula ya chuma ya 150 mm ikitoka 20 °C hadi 35 °C huongezeka kwa karibu 0.03 mm, kiasi ambacho seremala hakioni. Plastiki ya akriliki hutanuka kwa karibu sehemu 70 katika milioni. Kwa joto hilo hilo rula yake huongezeka kwa karibu 0.16 mm. Tena plastiki ikiachwa juani hujikunja na isirudi.

Mbao, kwa upande wake, huathiriwa na unyevu kuliko joto. Kwa urefu, yaani kufuata nyuzi, hubadilika kidogo sana; kwa upana, yaani kukatisha nyuzi, ubao mbichi ukikauka waweza kunywea kwa sehemu kadhaa katika mia. Kwa sababu hiyo ni kazi bure kutafuta rula ya usahihi wa ajabu na kisha kuitumia juu ya mbao ambazo hazijakauka.

MAJARIBIO MANNE

Jaribio la kwanza: unyofu. Rula ilazwe juu ya kadibodi laini, na mstari mwembamba uchorwe kwa kisu kufuata ukingo wake. Kisha rula ifunuliwe kama ukurasa wa kitabu, ukingo ule ule ukibaki penye mstari lakini mwili wa rula ukiwa upande wa pili, na mstari mwingine uchorwe kupitia ncha zile zile. Ikiwa ukingo umenyooka, mistari miwili italaliana. Ikiwa umebinuka, mwanya utatokea kati yake, na mwanya huo ni maradufu ya kosa lenyewe. Uzuri wa jaribio hili ni kwamba rula hujishuhudia yenyewe, na kosa hukuzwa ili lionekane.

Jaribio la pili: ulingano wa alama. Kwa ncha ya kisu, alama mbili zitiwe juu ya kadibodi zikilingana na 50 na 100 za rula. Kisha alama hizo zilinganishwe na nafasi ya 10 hadi 60, halafu 60 hadi 110, halafu 100 hadi 150. Nafasi zote zikilingana, rula imegawanywa sawasawa.

Jaribio la tatu: ncha. Alama zile zile mbili za kadibodi zipimwe sasa kwa kuanzia ncha ya rula, ncha hiyo ikigusa kipande cha chuma kilichosimamishwa penye alama ya kwanza. Alama ya pili ikiangukia 50 kamili, ncha ni nzima. Ikiangukia 51, ncha imelika kwa 1 mm. Rula ya namna hiyo yaweza kutumika kwa kuanzia alama ya 10 na kutoa 10 katika jibu, lakini mtumiaji akumbuke kutoa. Wengi wamekata mbao fupi kwa 10 mm kwa kusahau.

Jaribio la nne: ukweli wa urefu. Rula iliyorefuka kwa ulingano kutoka ncha hadi ncha itafaulu majaribio yote matatu yaliyotangulia. Ili kuitambua hapana budi kuilinganisha na chombo kingine. Rula kadhaa za watengenezaji mbalimbali zilazwe ubavu kwa ubavu, alama zikitazamana. Ikiwa nne zinakubaliana na moja inatofautiana, hiyo moja ndiyo ya kushukiwa. Iliyo bora zaidi ni kalipa ya vernia ya maabara ya fizikia, ambayo husoma hadi 0.1 mm au chini ya hapo. Karatasi ya A4, ambayo wengi huitegemea kwa kuwa inajulikana kuwa ni 210 mm kwa 297 mm, haifai kazi hii. Kanuni za kimataifa za karatasi huruhusu hitilafu ya 2 mm kwa vipimo hivyo.

FUTI KAMBA NA RULA

Futi kamba ni chombo kizuri kwa masafa marefu, lakini haichukui nafasi ya rula kakamavu. Futi kamba nyingi huwa na alama ya daraja, I au II. Katika daraja la II, hitilafu inayoruhusiwa kwa mita 1 ni 0.5 mm, na kwa mita 5 ni 1.3 mm. Ndoano ya nchani hulegea kidogo, na wengi hudhani ni ubovu, hata wakaikaza kwa nyundo. Kwa hakika imelegezwa makusudi. Ndoano ikivutwa penye ukingo wa ubao, au ikisukumwa ndani ya kona, husogea kwa kiasi cha unene wake yenyewe ili sifuri ibaki mahali pake. Anayeikaza ndoano huiharibu futi kamba.

Kutokana na hayo yote hutoka kanuni kuu ya karakana: kazi moja, rula moja. Sehemu zinazoingiana zipimwe kwa chombo kimoja. Inapowezekana zisipimwe kwa tarakimu hata kidogo, bali tundu litobolewe kwanza, kisha mipaka yake ihamishiwe moja kwa moja juu ya ulimi kwa kisu. Penye vipande vingi vinavyofanana, alama zitiwe mara moja juu ya kijiti kilichonyooka, na kijiti hicho kitumike kwa vyote. Na penye alama nyingi katika mstari mmoja, zote zipimwe toka mwanzo mmoja. Anayeruka hatua kumi za 150 mm kwa kosa la 0.3 mm kila hatua, atafika mwisho akiwa amepotea kwa 3 mm.

KUNUNUA NA KUTUNZA

Mnunuzi anayesimama mbele ya duka la vifaa na fedha chache akumbuke haya: rula iwe ya chuma kisichoshika kutu, yenye urefu wa 150 mm na unene wa karibu 1 mm, sifuri iwe nchani, alama ziwe zimechimbwa na nyembamba, uso usiwe wa kung'aa, na ukingo mmoja angalau uwe na alama za nusu milimita. Ailaze juu ya kioo cha meza ya duka na kutazama kama mwanga unapita chini yake. Azilinganishe rula mbili au tatu za dukani kabla ya kuchagua moja.

Baada ya kuinunua, isitumiwe kufungulia kopo la rangi, kukorogea gundi wala kukazia skrubu. Ifutwe jasho kila jioni, na ijaribiwe tena kila baada ya miezi michache au kila inapoanguka kwa ncha.

Na yule mwanagenzi? Kama fundi mkuu angeagiza jaribio la tatu lifanyike kabla ya kutoa lawama, ingegunduliwa katika muda wa dakika tano kwamba ncha ya rula ya mbao ilikuwa imelika kwa 1 mm. Kila ulimi ulichongwa 59 mm kwa uaminifu mkubwa. Mwanagenzi angepewa rula nyingine.

ZOEZI KWA WANAFUNZI

1. Rula ya 300 mm imeinuka katikati kwa 6 mm. Tafuta upungufu wa umbali kati ya ncha zake.

2. Rula mbili zina upana sawa; moja ina unene wa 0.5 mm na nyingine 1.5 mm. Ya pili ni kakamavu mara ngapi kuliko ya kwanza?

3. Eleza kwa nini rula iliyogawanywa sawasawa yaweza hata hivyo kuwa si sahihi.

4. Katika jaribio la unyofu, mwanya kati ya mistari miwili ni 0.4 mm. Ukingo wa rula umebinuka kwa kiasi gani?

5. Kusanyeni rula zote za darasa na kuzijaribu ncha. Chora jedwali la matokeo, kisha jadilianeni ni zipi zinazofaa kubaki katika chumba cha ufundi.